Tukiomba Wimbo Wao, Tuulize na Habari ya Ardhi Yao

Mazungumzo kwa wanakwaya na washirika katika semina ya maandalizi ya Yubile ya miaka 50 ya kwaya



  Miaka 50 si mchezo. Wako waliojiunga na kwaya hii wakiwa wasichana na wavulana, na leo wajukuu wao ndio wanaoimba sauti ya kwanza. Wako pia waliotutangulia kwenda kwa Bwana, na tunawakumbuka kwa shukrani. Mungu ametutoa mbali, na tuna kila sababu ya kuimba.

Kamati ya Yubile imenipa kazi ambayo si nyepesi. Siku ya kilele kwaya inakusudia kuimba nyimbo za jamii mbalimbali za Kenya, zikiwemo zile jamii ndogo ambazo hatuzisikii sana redioni wala kanisani. Kamati ikauliza: tufanye nini ili tuwaheshimu wenyeji hawa wa asili, na tujifunze kutoka kwao, badala ya kuvaa ngozi na shanga kwa dakika tano na kupigiwa makofi? Nawapongeza kwa kuuliza mapema, kabla ya kushona sare. Kuuliza si ujinga.

Jibu langu ni hili: tukiomba wimbo wao, tuulize na habari ya ardhi yao. Nitaeleza kwa nini nasema hivyo, kisha tuone tunaweza kufanya nini.

Yubile ni nini hasa?

Neno hili tumelizoea. Tunasikia yubile ya fedha, yubile ya dhahabu, yubile ya kwaya, yubile ya askofu. Tukisema yubile tunafikiria keki, fulana zenye nembo, mgeni rasmi na mchango wa harambee. Hayo yote si mabaya. Lakini fungueni Biblia zenu katika Mambo ya Walawi sura ya 25, mwone Yubile ya kwanza ilikuwa nini.

Mwaka wa 50 ulipofika, Siku ya Upatanisho, baragumu lilipigwa nchi nzima. Waliokuwa wamejiuza kwa sababu ya umaskini waliachiliwa huru wakarudi kwa jamaa zao. Na kila ukoo uliokuwa umepoteza ardhi yake uliirudia. Mungu alieleza na sababu: nchi ni mali yake yeye, na watu wote wanakaa juu yake kama wageni wake. Kwa hiyo wanamuziki, sikieni vizuri. Sauti ya kwanza ya Yubile ilikuwa ya ala ya muziki, na ujumbe uliobebwa na ala ile ulihusu ardhi. Sisi tumelichukua baragumu, tukaiacha ardhi katika Mambo ya Walawi.

Kisha someni Zaburi ya 137, ambayo kila mwanakwaya anapaswa kuifahamu. Watu wa Yuda wako Babeli, wamehamishwa kwa nguvu. Waliowateka wanawaambia, hebu tuimbieni nyimbo za kwenu. Nao wanashindwa. Wanaziacha ala zao juu ya miti, wanalia. Tatizo halikuwa wimbo, maana walikuwa waimbaji hodari. Tatizo lilikuwa kwamba wanaoutaka wimbo ndio walewale walioichukua nchi, na hawataki kusikia habari ya nchi. Wanataka burudani tu.

Sisi tukisoma zaburi hiyo hujiweka upande wa wanaolia. Leo nawaomba tujiulize kama hatujawahi kusimama upande wa wale wanaoagiza wimbo.

Wenyeji wa asili ni akina nani?

Huenda mtu akauliza, sisi sote si Waafrika, si sote ni wenyeji? Ni kweli. Hakuna anayesema Mkikuyu, Mluhya au Mkalenjin ni mgeni katika bara hili. Tunaposema jamii za wenyeji wa asili tunazungumzia watu ambao maisha yao yalishikamana na mahali fulani, msitu au ziwa fulani, kwa uwindaji, kukusanya asali na matunda, uvuvi au ufugaji; ambao mahali pale palichukuliwa bila wao kuulizwa; na ambao kwa uchache wao kura zao hazimtishi mtu. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 260, inapoeleza maana ya jamii iliyotengwa, inawataja waziwazi wenyeji walioendelea na maisha ya jadi ya kuwinda na kukusanya chakula msituni.

Katika Kenya tunao Waogiek wa Mau na Mlima Elgon. Tunao Wasengwer wa Embobut, katika milima ya Cherang'any. Tunao Wayaaku wa msitu wa Mukogodo, kule Laikipia. Tunao El Molo kando ya Ziwa Turkana, Waata wa pwani na kaskazini, na Waaweer wa Lamu, ambao wengi wanawaita Waboni. Tunao pia Waendorois wa Ziwa Bogoria, ambao ni wafugaji. Lugha ya El Molo imenyamaza. Watoto wao wanakua wakisema Kisamburu. Kiyaaku kimebaki kwa wachache sana, kwa sababu jamii ile ilihamia lugha ya Kimaa. Wanakwaya mnajua maana yake: lugha ikifa, tenzi zake, mafumbo yake na nyimbo za kubembelezea watoto zinakwenda kaburini pamoja nayo.

Leo nitakaa na Waogiek, kwa sababu ni majirani zetu. Kutoka hapa Nakuru hadi Nessuit au Mariashoni si safari ya kulala njiani. Na huenda wengine wako pamoja nasi hapa ndani, wamekaa kimya tu. Kwa hiyo tusiwazungumzie kama watu wa kwenye picha.

Msitu wenye kalenda

Tukiutazama msitu wa Mau tunaona miti na mvua. Mwogiek mzee anaona kalenda. Zamani kila ukoo ulikuwa na sehemu yake, ukanda mrefu uliopanda mlima kutoka chini hadi juu. Kwa nini ukanda mrefu? Kwa sababu maua hayachanui pamoja. Chini huchanua wakati wake, katikati wakati wake, na juu kwenye baridi wakati wake. Nyuki hufuata maua, na mrina asali hufuata nyuki. Mizinga ya magogo ilichongwa, ikatundikwa juu ya miti katika kila ukanda, na watu walipanda na kushuka mlima kwa kufuata majira. Asali ilikuwa chakula, dawa na akiba. Ilitolewa kwenye posa na ndoa, na ilitumika katika maombi na baraka.

Sasa fikirini. Ukimnyang'anya mtu kama huyo nusu ya chini ya ukanda wake, hujampunguzia ekari tu. Umemfutia miezi kadhaa ya mwaka. Na ukikata miti ya asili ukapanda misonobari na misaiprasi kwa ajili ya mbao, msitu unaonekana bado ni wa kijani kibichi, lakini kwa nyuki ni kama jangwa.

Msitu huo huo ndio unaotunyesha. Mau ni kama hekta 400,000, na ndio chanzo kikubwa cha maji katika nchi yetu. Mto Njoro unashuka kutoka huko hadi Ziwa Nakuru. Mto Molo unakwenda Baringo, Mara na Sondu zinakwenda Ziwa Victoria. Maji tuliyobatiziwa yametoka kwenye paa la nyumba ya mtu mwingine.

Jina walilopewa na wengine

Wengi wetu tumekua tukisikia neno Ndorobo. Neno hilo limetokana na Kimaasai, na maana yake ni watu wasio na ng'ombe, yaani maskini. Jirani mwenye mifugo alimtazama jirani asiye nayo, akampa jina la kile alichokikosa. Serikali ya mkoloni ikalichukua jina hilo ikaliandika kwenye vitabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Sir Morris Carter ilipendekeza kwamba watu hao waingizwe katika makabila makubwa yaliyo karibu nao. Kwa maneno mengine, wasihesabiwe kuwa watu wenye nchi yao. Wenyewe hujiita Ogiek, na wengi wao hulieleza jina hilo kuwa ni mtunzaji wa mimea na wanyama wote. Tazameni tofauti: mmoja anaitwa kwa alichokosa, mwingine kwa kazi aliyopewa. Ukisoma Mwanzo sura ya 2, kazi ya kwanza ambayo Mungu alimpa mwanadamu ilikuwa kuitunza bustani. Jina la pili liko karibu zaidi na Biblia.

Kesi ya Arusha, na jinsi Ukristo ulivyotajwa

Baada ya uhuru mambo hayakunyooka. Mnamo 2001 zaidi ya hekta 35,000 za Mau Mashariki ziliondolewa katika orodha ya msitu wa serikali, zikagawanywa kwa makazi. Mnamo Oktoba 2009 Waogiek na wakazi wengine wa msitu walipewa ilani ya siku 30 waondoke. Waogiek wakaenda kwenye vyombo vya haki vya Afrika. Mwaka 2012 kesi yao ikafika katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, kule Arusha. Ombi lao lilisema wao ni watu wapatao 20,000.

Tarehe 26 Mei 2017 Mahakama iliamua kwamba serikali ya Kenya ilikuwa imevunja haki zao: haki ya ardhi, ya utamaduni, ya maliasili, ya maendeleo, ya kutobaguliwa, na haki ya kuabudu. Serikali ilikuwa imejitetea kwamba inaokoa msitu. Majaji wakasema hakuna ushahidi kwamba Waogiek ndio walioumaliza. Kilichouharibu ni wengine kuingia, serikali yenyewe kukata sehemu za msitu na kuzigawa, na vibali vya kukata mbao. Tarehe 23 Juni 2022 Mahakama ikaamuru walipwe shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na shilingi 100,000,000 kwa madhara ya nafsi na jamii, na ardhi yao ipimwe na kuandikishwa kwa jina la jamii yao. Pamoja na hukumu hizo mbili, mnamo Novemba 2023 mamia ya watu walifurushwa tena upande wa Maasai Mau, kaunti ya Narok.

Lakini kuna jambo moja katika kesi ile ambalo linatuhusu sisi kama kanisa, na ndilo nimelileta hapa. Waogiek walipodai kwamba ndani ya msitu wana mahali pao patakatifu, makaburi ya wazee wao na mahali pa maombi, upande wa serikali ulijibu kwamba watu hawa wameacha dini yao, wamekuwa Wakristo. Yaani, kwa kuwa wamebatizwa, hawana tena sababu ya kuudai msitu. Majaji walikataa hoja hiyo. Walisema si Waogiek wote waliogeuka, na hakuna ushahidi wowote uliotolewa kwamba kuwa Mkristo ni kuacha kila kitu cha jadi.

Wapendwa, ubatizo ulifanywa kuwa hati ya kumpokonya mtu nyumba yake. Katika 1 Wafalme sura ya 21, Yezebeli alipolitaka shamba la Nabothi, hakuanza na upanga. Alitangaza mfungo. Aliitisha kusanyiko la kidini, akamketisha Nabothi mbele ya watu. Shamba lile lilichukuliwa kwa kivuli cha ibada. Kanisa likinyamaza wakati jina la Kristo linatumiwa hivyo, wale wanaofurushwa watatuuliza tulikuwa upande gani, na watakuwa na haki ya kuuliza.

Najua jambo hili linaweza kuuma. Miongoni mwetu wako walionunua au kupewa vipande vya ardhi pembezoni mwa Mau, kwa nia njema, kwa karatasi walizoamini ni halali. Wengine wamefurushwa nao, nyumba zikabomolewa, watoto wakaacha shule. Machozi yao ni machozi. Sisemi haya ili jirani amnyooshee jirani kidole ndani ya kanisa. Nasema kwa sababu familia ya Mungu haiwezi kuimba sauti nne kwa upatano huku sauti ya tano imefungiwa nje.

Tufanye nini?

Sasa tuje kwenye kazi. Nina mapendekezo sita, na yote yako ndani ya uwezo wetu.

*La kwanza, tutumie majina yao.* Kuanzia madhabahuni hadi kwenye mzaha wa vijana, lile jina la dharau liondoke. Tuseme Ogiek, Sengwer, Yaaku, Aweer. Walimu wa shule ya Jumapili wanapofundisha habari za makabila 12 ya Israeli, wawafundishe watoto na majina ya jamii za kaunti yetu. Mtoto anayejua jina la Naftali na asijue jirani yake anaitwaje, elimu yake bado ina pengo.

*La pili, twende kama wageni.* Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ziara isiwe ya kwenda kugawa unga na kupiga picha. Tupige simu kwanza kwa wazee na kwa makanisa yaliyo kule, tuulize wanapenda tuje lini na kwa nini. Tukifika, wao ndio wahubiri na walimu, sisi tuwe wanafunzi. Kama kuna mzee aliye tayari kutuonyesha jinsi mzinga unavyochongwa na kutundikwa, vijana wetu waketi wasikilize, simu ziwe mfukoni mpaka wenyeji waruhusu. Na tuwalipe walimu hao kwa muda wao, kama tunavyomlipa mwalimu wa kinanda.

*La tatu, wimbo una mwenyewe.* Hapa nasema na mwalimu wa kwaya na kamati ya muziki. Kenya ina Sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni. Sheria hiyo inataka anayetaka kutumia mali hiyo ya jamii aombe idhini yao kwanza, wakiwa wameelewa inakwenda kutumiwa vipi. Lakini hata bila sheria, adabu inatosha. Kabla ya kuandika solfa ya wimbo wao, tuulize: wimbo huu huimbwa lini? Na nani? Je, kuna wasioruhusiwa kuuimba? Unaweza kuimbiwa kanisani? Wimbo wa kutahiri au wa kumzika mzee hauwezi kugeuzwa wa kukusanyia sadaka eti kwa sababu una mdundo mzuri. Wakisema huu hapana, tukubali, tuombe mwingine au tuache. Wakikubali, mmoja wao atufundishe matamshi, na jina la jamii yao liandikwe kwenye programu na kwenye kanda. Tukirekodi na pesa zikapatikana, sehemu yao iandikwe kwenye makubaliano tangu mwanzo, maana ahadi ya mdomo kati ya ndugu ndiyo huvunja undugu.

Na kama kwao kuna kwaya, kwa nini tuwaimbie nyimbo zao wakati wao wenyewe wapo? Tuwaalike. Wapewe nafasi nzuri kwenye ratiba, si dakika tatu za mwisho wakati watu wanatafuta sahani. Nauli na chakula viwe kwenye bajeti. Wakiimba, sisi wenyeji wa sherehe tuwe wasikilizaji.

*La nne, tujifunze maneno yao.* Kifungu cha 7 cha Katiba kinaitaka serikali ikuze na kulinda lugha mbalimbali za Wakenya. Kanisa halihitaji kusubiri serikali. Tunaweza kujifunza salamu, neno la shukrani, neno la amani, na kuyatamka ibadani bila kuchekacheka. Kijana wa jamii ndogo akisikia lugha ya nyanya yake ikitamkwa kwenye kipaza sauti cha kanisa, hataiona tena haya shuleni. Tena tuwaambie vijana walio na simu nzuri: kuna wazee wenye nyimbo ambazo hazijaandikwa popote. Kwa ruhusa yao, rekodini, mkawakabidhi nakala. Nakala ya kwanza ni ya familia ile, ya pili ndiyo yenu.

*La tano, tupande miti baada ya kuuliza.* Kila mwaka makanisa yetu yanakwenda kupanda miti, na hilo ni jema. Lakini waulizwe wanaoujua msitu ni mti gani unaofaa mahali gani, na ni upi unaowapa nyuki maua. Tukitaka asali kwa ajili ya siku ya Yubile, tuinunue kwa warina asali wenyewe kwa bei ya haki, tusibishane nao shilingi 50 kisha tukaenda kulipa bei kamili kwa asali ya dukani.

*La sita, tusimame nao.* Tarehe 9 Agosti ni Siku ya Kimataifa ya Wenyeji wa Asili wa Dunia, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994. Napendekeza Jumapili iliyo karibu na siku hiyo iwekwe kwenye kalenda ya kanisa letu. Mhubiri ahubiri kutoka Walawi 25, habari za kesi ya Arusha zisomwe kwa lugha inayoeleweka, na maombi yafanywe kwa kuwataja watu na mahali. Kifungu cha 63 cha Katiba kinasema kwamba ardhi ya mababu na ardhi iliyokaliwa kijadi na jamii za wawindaji na wakusanyaji ni ardhi ya jamii. Jambo hilo kila mshirika alijue. Kaunti ikiitisha vikao vya kupokea maoni ya wananchi juu ya misitu na ardhi, wazee wetu wahudhurie, wasikilize Waogiek wanasema nini, na waseme hadharani kwamba kanisa linataka hukumu ya mahakama iheshimiwe. Hiyo si siasa ya vyama. Eliya alipokwenda kukutana na Ahabu ndani ya shamba la Nabothi, alikuwa kazini.

Kwa nini sisi wanakwaya?

Mtu anaweza kusema, haya ni mambo ya mawakili na wabunge, kwaya inaingiaje? Inaingia kwa sababu kwaya ndiyo shule ya kusikiliza katika kanisa. Mwalimu wa kwaya hurudia kila Jumamosi: ukiisikia sauti yako peke yako, umeshapotea, msikilize aliye kando yako. Sauti ya besi ikizidi, inaifunika alto. Soprano ikipanda bila kungoja, wimbo unavunjika. Wimbo unakuwa mmoja pale ambapo wenye sauti kubwa wanajua kupunguza ili ile ndogo isikike. Kile tunachokifanya kila wiki kwa muziki, nchi yetu imeshindwa kukifanya kwa ardhi. Tukiweza kukitoa mazoezini tukakipeleka nje, tutakuwa tumefanya utumishi.

Na tusiende kwa kiburi cha kudhani tunakwenda kuwasaidia wanyonge. Watu waliotunza msitu vizazi na vizazi, wakaishi kwa kufuata maua, wakavumilia kesi ya miaka kumi bila kuacha, wana mengi ya kutufundisha juu ya subira, juu ya kiasi, juu ya kumshukuru Mungu kwa kile kilichopo. Sisi tunaoimba kwamba dunia na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana, tunakutana na watu walioishi kama wanaoliamini jambo hilo.

Ombi langu kwa kamati ya Yubile ni moja tu kwa sasa. Kabla hamjachagua wimbo, tumeni watu wanne: mzee mmoja wa kanisa, mama mmoja, kijana mmoja na mwalimu wa kwaya. Waende Nessuit au Mariashoni kwa mwaliko wa wenyeji. Wasibebe daftari la solfa siku hiyo. Wabebe masikio. Wakirudi, watuambie Jumapili mbele ya kanisa lote walichoambiwa, kitamu na kichungu. Kisha tuamue pamoja kama tuko tayari kuimba.

Baragumu la Yubile yetu litapigwa. Mungu atujalie lisikike hadi msituni, na wanaolisikia huko waseme ni habari njema. Bwana awabariki wanakwaya wote, awalinde waliotangulia na wanaokuja, na aipe kwaya hii miaka mingine 50 ya kuimba kwa roho na kwa akili pia.

 Amina.